Spika inanong'ona kama mbu: jibu kwa msomaji wa Kisauni

Swali: "Asalaam aleikum, fundi. Nyumbani kwetu Kisauni maji ya mfereji huja usiku, na tangi liko juu ya paa. Likijaa na hakuna aliyeamka, maji humwagika mpaka alfajiri. Nimejitengenezea kengele kwa bodi ya Arduino Uno, ile kompyuta ndogo ya kuandikiwa programu: boya lenye swichi liko ndani ya tangi, na spika niliitoa kwenye TV mbovu, ile ya zamani yenye kisogo kirefu. Bodi na spika nimeviweka hukohuko juu. Spika nimeiunga pini ya 8 na GND, yaani hasi ya bodi. Ililia, lakini kama mbu, na nyanya yangu, ambaye ndiye hulala karibu na vali, hakusikia kitu. Baada ya siku mbili ikanyamaza kabisa. Je, spika imeungua? Na nifanyeje isikike?"

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nikutoe wasiwasi kwanza. Kwa dalili ulizonieleza, spika yako huenda ni nzima. Naishuku pini ya 8, kwa maana umeitwika mzigo wa hamali hali yenyewe ni tarishi. Pini ya bodi hiyo imeundwa kupeleka habari: washa, zima, washa, zima. Kuisukuma karatasi ya spika mbele na nyuma kwataka mwenye misuli, na misuli haimo ndani ya pini.

Tazama hesabu yenyewe. Spika ya omu 8 ukiipa volti 5, inataka 5 gawanya kwa 8, yaani ampia 0.625, au miliampia 625. Chipu iliyo kwenye Uno, ATmega328P, kila pini yake ina kikomo cha miliampia 40, na hicho ni kikomo cha kuharibika, si cha kufanyia kazi kila siku. Kiwango cha amani ni 20. Basi wewe uliiomba pini mara 30 ya stahili yake. Haiwezi kuzitoa zote. Volti zinaporomoka humohumo ndani ya chipu kabla hazijafika kwenye spika. Ndiyo maana ukasikia mbu. Lakini nguvu inayoporomokea ndani haipotei, inageuka joto, na joto hilo ndilo linaloila pini polepole. Ule mlio hafifu na ule ukimya wa baada ya siku mbili ni ugonjwa mmoja.

Ipime pini ya 8 kwa taa ndogo ya LED yenye rezista (kipunguza umeme) ya omu 330. Isipowaka, iache wazi, usiiunge tena na chochote, uhamie pini ya 9. Kama bodi nyingine inafanya kazi na chipu haipati moto ukiigusa, hujapoteza kitu kikubwa.

Sasa spika. Usitosheke na neno langu, ipime kwa mkono wako. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani. Shikiza waya mmoja kwenye hasi ya betri, na huo wa pili uguse chanya mara moja tu, kisha uondoe. Spika nzima itatoa mlio mkavu, tak, na karatasi itaruka mbele ya macho yako. Ukiondoa waya, tak nyingine. Kama karatasi iliruka kutoka nje, ule mguu uliogusa chanya ndio chanya ya spika. Utie alama ya kalamu. Kwa spika moja jambo hilo halina uzito, ila siku utakayounga mbili pamoja utashukuru.

Kisha iweke karibu na sikio. Zungusha vidole vinne kwenye karatasi, kando ya kile kifuniko cha katikati, uisukume ndani taratibu na sawasawa pande zote. Isikike kimya. Ukisikia mkwaruzo, krr, kama mchanga kwenye sahani, koili, yaani ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, inagusa chuma. Huku kwetu pwani sababu ya kawaida ni kutu. Ile nafasi ambamo koili hucheza, kati ya sumaku na chuma, haizidi unene wa kadi kwa kila upande, na hewa yetu ya chumvi ikikaa humo miaka, chuma huvimba kutu hadi koili inakosa pa kupita. Spika ya namna hiyo hairekebishiki kwa bei ya maana. Itoe sumaku yake uitumie kwa kazi nyingine.

Ukiwa na mita, iweke kwenye omu. Spika iliyoandikwa 8 mgongoni itasoma kati ya 6 na 7.5. Iliyoandikwa 4 itasoma 3 na kitu. Usidhani imechakaa, mita inapima ukinzani wa waya mtupu, na ile namba ya mgongoni inahesabu pia upinzani unaozuka pale koili inapotikiswa na umeme wa sauti. Spika za TV wakati mwingine huja za omu 16. Ukipata hiyo ni heri kwako, kwani inakula nusu tu ya umeme. Mita isiposoma chochote, usiitupe kabla ya kuangalia vile viwaya viwili laini, vya kusokotwa, vinavyotoka kwenye vituo vya pembeni kwenda kwenye karatasi. Mara nyingi kimoja kimekatika pale kinapopindia, na kukilehemu ni kazi ya dakika tano.

Neno moja kwa wengine watakaosoma hapa wakatamani kufungua TV ya kisogo kutafuta spika. Kioo cha TV ya rangi kinaweza kubaki na volti zaidi ya 20,000 hata baada ya kuchomolewa, na ile kapasita kubwa (kihifadhi umeme) ya upande wa stima hubaki na volti 300 na ushei. Usiguse kile kifuniko cha mpira kilicho juu ya kioo, wala upande wa chini wa bodi. Kama hujawahi kufanya, mpelekee fundi wa TV akutolee spika. Kwake ni skrubu nne.

Tuje kwenye misuli. Ukitaka tu kujua kama programu yako inafanya kazi, tia rezista ya omu 220 kati ya pini na spika. Hapo umeme unashuka hadi kama miliampia 22 na pini haidhuriki. Lakini spika inapata miliwati 2 hivi, na huyo ni mbu yuleyule. Kengele ya kumwamsha mtu haitoki hapo.

Kengele inatoka kwenye transista. Kwa kazi hii mimi hupenda TIP120. Ni ya zamani, ni rahisi kupatikana katika maduka ya spea mjini, inabeba ampia 5, na inaridhika na umeme kidogo sana kutoka kwenye pini. BC547, ambayo vijana wengi huanza nayo, mwisho wake ni miliampia 100, usiitumie hapa. Shika TIP120 maandishi yakikutazama, miguu chini. Kutoka kushoto: wa kwanza ni beisi, wa kati ni kolekta, wa kulia ni emita. Pini ya 9 iende kwenye beisi kupitia rezista ya kilo-omu 1. Emita iende kwenye hasi. Mguu mmoja wa spika uunge na volti 5 chanya, na mguu wa pili uunge na kolekta. Sasa pini inafanya kazi ya tarishi tu: inaigonga transista kwa miliampia 3 au 4, na transista ndiyo inayofungua mlango wa nusu ampia kutoka kwenye chaja.

Tia na daiodi ya 1N4007 sambamba na spika, mstari wake mweupe ukielekea upande wa chanya. Koili haipendi kukatiwa umeme ghafla. Kila ukiikatia hurusha volti kinyume, na daiodi inazipa njia ya kuzungukia zisimpige transista.

Umeme wenyewe utoke wapi? Hapa ndipo watu wengi hukwama baada ya kuunga kila kitu sawasawa. Ule mlango wa USB wa Uno una fyuzi ya miliampia 500, na spika peke yake inafika hapo kila inapolia. Tumia chaja ya simu ya volti 5, ampia 2. Kata waya wa USB wa zamani, utoe ule mwekundu na mweusi, uhakikishe kwa mita. Mwekundu uende kwenye spika na pia kwenye pini ya 5V ya bodi. Mweusi uende kwenye emita na kwenye GND. Hasi zote sharti zikutane. Bodi na spika zikiwa na vyanzo viwili visivyokutana hasi, transista haitaelewa pini inasema nini. Na ukiwa umelisha bodi kupitia pini ya 5V, usichomeke kompyuta wakati huohuo.

Karibu na spika weka kapasita ya maikrofaradi 1000, chanya kwa chanya. Bila hiyo utaona ajabu moja: kengele inalia mara moja, bodi inazimika na kuanza upya, inalia tena, inazimika tena. Wengi hulaumu programu. Programu haina kosa. Ni volti zinazozama kila spika inapoanza kunywa.

Programu haina mengi, boya likiwa limeungwa kati ya pini ya 2 na GND:

const int kengele = 9;
const int boya = 2;

void setup() {
  pinMode(boya, INPUT_PULLUP);
  pinMode(kengele, OUTPUT);
}

void loop() {
  if (digitalRead(boya) == LOW) {
    tone(kengele, 2500);
    delay(400);
    noTone(kengele);
    delay(600);
  }
}

Zingatia ile noTone. Inaiacha pini ikiwa chini, yaani transista imefungwa. Ukiandika programu yako nyingine kwa njia nyingine, hakikisha pini haibaki juu baada ya mlio. Ikibaki juu, spika haitatoa sauti yoyote lakini nusu ampia itakuwa inapita moja kwa moja, na koili itaiva kimyakimya. Jambo la pili, tone hutumia saa moja ya ndani ya chipu, na kwa hiyo pini za 3 na 11 zitakataa kupunguza mwanga wa taa wakati huo. Usishangae.

Kutoka miliwati 2 umefika kama wati 1. Ni mara 500. Lakini sikio la binadamu halihesabu hivyo. Nguvu ikizidishwa mara 10, sikio huhisi sauti imekuwa kama maradufu tu. Mara 500 kwa sikio la nyanya ni kama mara 6 au 7. Ni nyingi, ila ndiyo sababu nakuomba usikimbilie kuongeza wati zaidi. Kuna mambo mawili ya bure yanayoongeza sauti kuliko transista kubwa.

La kwanza ni namba ile 2500. Sikio letu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2000 na 5000. Mlio wa hezi 300 wenye nguvu ileile unasikika hafifu, na spika ndogo ya TV haiutoi vizuri hivyo. Lakini usipande sana, kwa sababu mtu akiwa na umri mkubwa masikio huanza kupoteza sauti nyembamba za juu kwanza. Kwa nyanya, usipite 3000. Ndani ya mipaka hiyo, itafute namba ya spika yako mwenyewe. Andika programu fupi inayopanda kutoka 1500 hadi 3000, hatua ya 50 kila mara, ukae mbali chumba kimoja usikilize. Utasikia mahali fulani spika inapiga kelele ghafla, kama imeudhika. Namba hiyo ndiyo yako.

La pili ni sanduku. Karatasi ya spika ikienda mbele, hewa ya mbele inabanwa na hewa ya nyuma inalegea, na hizo mbili zikikutana pembeni zinafutana. Chukua katoni, kata tundu la ukubwa wa karatasi ya spika, uibane spika nyuma ya tundu kwa mkono huku inacheza wimbo. Iondoe. Irudishe. Sipendi kusema maneno makubwa, lakini nimeona vijana wakiruka kwa tofauti hiyo. Kwa mlio mwembamba wa hezi 2500 faida ni ndogo kidogo, kwa sababu wimbi lake lina urefu wa sentimita 14 hivi na halizunguki kirahisi. Kwa sauti ya mtu au muziki, sanduku ndilo nusu ya spika. Mbao za kreti ya matunda zinatosha, zikishikana bila nyufa.

Nakuona tayari unafikiria sauti ya mtu, maana ukishasikia kengele utataka iseme "maji yamejaa". Hapo achana na tone na transista. Tafuta DFPlayer Mini, kijibodi kidogo kinachosoma kadi ya kumbukumbu na chenye amplifaya ndani ya hadi wati 3. Rekodi sauti ya mtu wa nyumbani kwa simu, iweke kwenye kadi, na Arduino itakuwa inasema tu "cheza ya kwanza". Weka rezista ya kilo-omu 1 kwenye waya unaotoka kwenye Arduino kwenda RX (pini ya kupokea) ya kijibodi, la sivyo utasikia mvumo. Ukipendelea amplifaya ya peke yake, PAM8403 ni rahisi na inatosha, ila ishike kwa masharti mawili. Haipiti volti 5.5, mimi niliunguza moja kwa kuiunga kwenye betri ya pikipiki ya volti 12 jioni moja nilipokuwa na haraka, na ilitoa moshi kabla sijaondoa mkono. Na nyaya zote mbili za spika zirudi kwenye vituo vyake vyenyewe, hata ule ulioandikwa hasi usiugusanishe na GND. Pia usiipelekee pini ya Arduino moja kwa moja, volti 5 ni kelele kwake. Gawanya kwa rezista za kilo-omu 10 na 1, ibaki kama nusu volti.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko yote. Kwa nini bodi na spika viko juu ya paa? Kule kuna jua, mvua ya masika, chumvi ya bahari na unyevu wa tangi lenyewe, na zaidi ya hayo umelazimika kupandisha umeme wa chaja hadi karibu na maji. Vishushe vyote viwili. Kinachohitaji kuwa juu ni boya peke yake. Waya wa boya unabeba umeme kidogo mno, unaweza kuteremka mita 15 bila kupoteza kitu. Waya wa spika ukiurefusha hivyo unaila sauti yako njiani. Kwa kuwa waya mrefu hudaka makelele ya umeme wa nyumba, ongeza rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya pini ya 2 na 5V, na mwambie Arduino alisome boya mara mbili, nusu sekunde kati yake, kabla ya kuamini. Pale juu, viungo vya boya ukishavilehemu vipake rangi ya kucha tabaka mbili. Naijua dawa hiyo kwa miaka. Kiungo kilichoachwa wazi huku kwetu hugeuka kijani.

Sanduku la spika liweke ukutani nje ya mlango wa nyanya, mdomo ukitazama kitanda. Kisha mwombe alale kama alalavyo, mlango umefungwa, pangaboi likizunguka kwa kasi ile anayoipenda, na wewe upande paani ukaliinue boya kwa mkono. Mwachie yeye aseme kama amesikia.